Petroli kwanza, vipuri baadaye: kuchagua njia ya kuipa nguvu Banshee

Pistoni ya kwanza niliyoichoma maishani niliichomea Bawshar, kwenye ule mlima wa mchanga uliozungukwa na majumba ya Maskati, usiku wa Januari. Kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ilikuwa Yamaha Banshee. Nilikuwa nimeifunga hedi mpya (kifuniko cha juu ya silinda) yenye kuba ndogo, yaani vyumba vidogo vya moto, na jozi ya ekzosi, na nilifuata ushauri wa mafundi wa Marekani neno kwa neno: kuba hizi zinakubali petroli ya kituoni ya 91. Nikaenda kituoni, nikajaza 91. Nilipanda tuta mara nne. Mara ya tano injini ilitoa mlio kama changarawe ndani ya kopo, ikaishiwa nguvu, ikazima.

Pistoni niliipeleka Wadi Kabir, mtaa wa Maskati, kwa fundi mzee mwenye asili ya Pemba, mtu aliyeanza na mashine za boti kabla hajavuka bahari. Akaigeuza mara moja kwenye mwanga.

"Mwanangu, hii haikukwama kwa ukavu," akaniambia. "Ingekwama kwa ukavu, ubavu wake ungekuwa umechubuka. Hii imepigwa kutoka juu. Tazama ukingo ulivyolika, kama umetafunwa na panya. Umeitia mafuta gani, na kuba za ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi, mwanangu. 91 yao si 91 yetu."

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja: kwanza nayajua mafuta nitakayoyapata kwa uhakika pale ninapoendesha, halafu ndipo nachagua vipuri vinavyoyaafiki. Wengi huanza na kipuri kinachong'aa, kisha wakahangaika kutafuta mafuta ya kukitosheleza. Ulinganisho huu unafuata utaratibu wa kwanza, na nimeuandika kwa kuitazama Banshee kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu na ndiyo iliyojaa mchangani huku Ghuba.

91 mbili zisizofanana

Namba iliyoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON. Huku Omani, kama ilivyo Ulaya na nchi nyingi nyingine, pampu inaandika RON peke yake, na kwa petroli ya kituoni RON huwa kubwa kuliko ule wastani. Kwa hiyo 91 ya Marekani, ambayo kwao ni petroli ya daraja la juu, inakaribiana na 95 yetu. 93 yao ni kama 98 yetu. Na 91 ya Omani, ile ya pampu ya bei nafuu, inakaribiana na 87 yao, wanayoitia kwenye gari za kwendea sokoni. Nilikuwa nimeipa injini iliyobanwa mafuta ya gari la sokoni.

Okteni yenyewe haiongezi nguvu. Inaeleza tu jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na joto bila kulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Ukiitia 98 kwenye Banshee ambayo haijaguswa utapoteza pesa tu, haitakwenda mbio zaidi. Ukiitia 91 kwenye Banshee yenye kompresheni ya juu, yaani inayobana sana, utapoteza pistoni. Wanaoamini kwamba namba kubwa ni nguvu nyingi, wapo wengi, na ndio wanaonunua vile vichupa vya kuongeza okteni. Soma kichupa vizuri: mara nyingi kinapoahidi "pointi 30" maana yake ni namba 3, kutoka 95 kwenda 98, tena kwa bahati nzuri.

Injini tunayoizungumzia

Banshee, jina lake la kiwandani YFZ350, iliuzwa Marekani kuanzia mwaka wa 1987 hadi 2006. Ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, tustroki (inachoma mafuta kila pistoni inapopanda), inapozwa kwa maji, gia sita. Kipenyo cha silinda ni milimita 64 na mwendo wa pistoni milimita 54, jumla sentimita za ujazo 347. Inavuta hewa kwa kabureta mbili za Mikuni za milimita 26 kupitia ridi, vibapa vinavyofunguka hewa ikiingia na kujifunga isirudi. Mzazi wake ni pikipiki ya barabarani, RZ350, na hilo ni muhimu kulikumbuka: injini hii ilizaliwa kwa lami na resi za juu, halafu ikapelekwa mchangani. Nguvu yake inakuja kwa kishindo juu, chini ni nyepesi. Kila kipuri utakachonunua ama kinaipeleka juu zaidi ama kinajaribu kuijaza chini.

Kabla ya kununua chochote, ipime hewa. Ziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta, ijaze hewa kwa psi 6, uangalie kama itaishikilia kwa dakika 6. Kwadi hizi ni za zamani. Sili za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), hasa upande wa stata, kizalisha umeme, ambako hakuna oili inayoilainisha, hukauka na kuvuta hewa. Silinda moja inapata hewa nyingi mafuta machache, na hakuna ekzosi wala hedi itakayoiokoa. Nimeona watu wakibadilisha pistoni mara tatu kwa sababu ya sili ya bei ya sahani ya biriani.

Mafuta, uso kwa uso

Vipimo vya kompresheni hapa chini ni vya geji ya kufunga mahali pa plagi, resi imefunguliwa yote, kwa injini ya pwani, usawa wa bahari. Ni vipimo vya gereji na nimeviacha chini kidogo kwa makusudi, kwa sababu ya joto la huku.

| Mafuta | Kompresheni | Kuba (krenki ya kiwandani) | Shida yake |
|---|---|---|---|
| 95 ya kituoni | hadi psi 145 hivi | 22 au 21 | Hakuna ya kusema |
| 98 ya kituoni | hadi psi 155 | 21 au 20 | Usiitegemee nje ya mji |
| Mafuta ya mashindano, au ya ndege yakichanganywa na 98 | hadi psi 175 | 19 au 18 | Bei, madini ya risasi, jeti (tundu la kupitishia mafuta ndani ya kabureta) kubadilishwa |
| Methanoli | psi 190 na zaidi | 17 au chini | Karibu kila kitu |

Namba ya kuba ni ujazo wa chumba cha moto kwa sentimita za ujazo. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mafuta yanavyobanwa zaidi.

Naisifu 95 bila kusita. Ukitoka Maskati kwenda Bidiya, lango la Mchanga wa Sharqiya, ni zaidi ya kilomita 200, na njiani kote utaipata. Injini iliyotayarishwa kwa 95 unaiendesha Ijumaa nzima, unajaza, unarudi nyumbani. Mwenye injini ya 98 lazima abebe madumu kutoka mjini. Dumu likiisha Jumamosi asubuhi yeye anakaa hemani anapika kahawa huku wenzake wanapanda matuta.

Mafuta ya ndege yana wafuasi wake. Yale yanayoitwa 100LL, ya rangi ya buluu, yametengenezwa kwa ndege ndogo za pistoni. Namba yake hupimwa kwa njia ya ndege, si RON, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na 98 ya pampu. Yanavumilia kubanwa vizuri sana. Lakini ni mepesi kuliko petroli ya gari kwa uzito, kwa hiyo jeti ileile inapitisha mafuta machache na injini inakauka. Lazima upandishe jeti. Na yana risasi. Dunia ilimaliza kuuza petroli ya risasi kwa magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, kwa sababu ya madhara yake kwenye akili za watoto. Mimi sitaki kuirudisha sumu hiyo kwenye gereji yangu ambamo wanangu wanashika funguo na kulamba vidole. Wengine wataona natia chumvi. Nimeyatumia, yanafanya kazi, na nimeyaacha.

Methanoli ni dunia nyingine. Petroli inataka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta; methanoli inataka 6.4 tu. Maana yake unachoma zaidi ya mara mbili ya mafuta, kwa hiyo jeti, bomba la mafuta, koki ya tangi, hata valvu ya boya ndani ya kabureta, vyote vinakuwa vidogo. Faida yake ni baridi: inapogeuka mvuke inanyonya joto jingi mno, injini inakwenda baridi na inavumilia kompresheni ambayo petroli haiwezi kuiota. Kwa mtu wa mashindano ya kupanda tuta moja kwa sekunde chache, hakuna kinachoishinda. Lakini inafyonza maji ya hewani, inakula aluminiamu, na kila ukimaliza lazima uisafishe injini kwa kuiendesha na petroli kidogo. Moto wake hauonekani mchana. Na ukiinywa kwa bahati mbaya, au ukiacha ikuingie kwenye ngozi kila siku, inapofusha. Kwa hedi ya kompresheni ya kawaida haina maana yoyote. Unabeba mzigo wote na faida huipati.

Kwa wenzetu walioko Marekani: petroli nyingi ya huko ina asilimia 10 ya ethanoli. Usiiache ikalala tangini msimu mzima, kwa sababu inavuta maji, na maji yakizidi yanajitenga na kukaa chini, mahali hasa koki inapovuta.

Hedi: nafasi ni muhimu kuliko namba ya kuba

Hedi ya kiwandani ni kipande kimoja na ina nafasi kubwa mno pembeni, kati ya ukingo wa pistoni na hedi. Mafundi wanaiita skwishi. Mafuta yaliyojificha pale pembeni, mbali na plagi, ndiyo yanayolipuka yenyewe. Ukiibana nafasi hiyo hadi milimita 1 au 1.3, mchanganyiko unasukumwa katikati kwenye cheche, unaungua haraka, na injini inakubali kompresheni zaidi kwa petroli ileile.

Kwa hiyo hedi mbili zenye kuba za 21 zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja yenye skwishi ya milimita 1.2 itakwenda na 95 kwa furaha, nyingine yenye milimita 2 itagonga, yaani mafuta yatalipuka yenyewe. Ukiuziwa hedi bila kuambiwa skwishi, hujaambiwa kitu. Ipime mwenyewe: ingiza waya laini wa kulehemu kupitia tundu la plagi, uguse ukuta wa silinda kwenye mstari wa pini ya pistoni, zungusha injini taratibu kwa mkono, toa waya, pima ncha iliyobanwa kwa venia. Fanya kushoto na kulia, silinda zote mbili.

Njia mbili zipo. Kuikereza hedi ya kiwandani ni rahisi kwa bei na inatosha kwa mtu wa 95 asiyebadilisha mawazo. Hedi ya kununua yenye kuba za kubadilika na pete za raba badala ya gasketi ni ghali zaidi, ila ukitaka kutoka 21 kwenda 19 unafungua boliti, unabadilisha kuba, umemaliza. Kwa anayejaribu mafuta mbalimbali ndiyo inayofaa. Kwa asiyejaribu ni mapambo.

Ekzosi: hapa ndipo tabia ya kwadi inapoamuliwa

Nikipewa pesa za kipuri kimoja tu, nitanunua ekzosi. Lile tumbo la bomba la tustroki linafanya kazi ya valvu. Moshi unapotoka, wimbi linakwenda mbele, linapanuka ndani ya tumbo na kuvuta mchanganyiko mpya kutoka silinda. Kisha linagonga koni ya nyuma, linarudi, na kuusukuma ndani mchanganyiko uliotaka kutoroka, muda mfupi mno kabla pistoni haijaziba poti (tundu ubavuni mwa silinda). Wimbi hilo lina mwendo wake, halisubiri. Bomba fupi linalirudisha mapema, yaani linafaa resi za juu. Bomba refu linalichelewesha, linafaa resi za kati. Hakuna bomba linalofanya yote mawili vizuri, anayekuambia lipo anataka kukuuzia.

Kati ya zinazojulikana, FMF Fatty ni ya chini na kati: ukifungua resi kwenye kona ya wadi (bonde la mto mkavu) yenye mawe, au ukitambaa kati ya vichaka, inaitika mara moja. Toomey T5 inaanza kati na kuendelea juu, na mchangani ndiyo ninayoipenda, kwa sababu tairi za makasia, zenye mbavu za kuchota mchanga, zinaibana injini kama jembe kwenye udongo. Ukipandisha tuta refu unahitaji nguvu isiyokatika katikati ya gia ya nne. Halafu kuna mabomba ya mashindano, mengine yanatokeza nje ya fremu. Hayo chini hayana kitu kabisa, juu ni moto. Kijana akiniuliza naye anaendesha na marafiki wikendi, hayo simshauri. Atachoka kushika klachi kabla ya adhuhuri.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kuchanganya: ekzosi ya resi za juu kwenye silinda zenye poti za kiwandani. Bomba linataka kufanya kazi mahali ambapo poti hazipumui. Kwadi inapiga kelele nyingi na inapitwa na ile isiyoguswa. Kama huna mpango wa kuchonga poti, baki na bomba la kati.

Kuingiza hewa, na jeti

Hapa sitakaa sana. Kutoa kifuniko cha sanduku la chujio na kubaki na chujio moja kubwa ni bora mchangani kuliko vichujio viwili vidogo vilivyokaa wazi kwenye kabureta. Viwili vinapumua zaidi, kweli, lakini vinakula vumbi la kwadi iliyo mbele yako. Vibapa vya ridi vya nyuzi za kaboni badala ya vile vya chuma vinaamsha resi za chini na ni vya bei nafuu. Sanduku zima la ridi kama V-Force ni hatua inayofuata, yenye faida ikiwa tayari una ekzosi na poti.

Jeti kuu ya kiwandani kwenye kabureta hizi ni 200. Ukishafunga ekzosi na kuacha hewa wazi, tarajia kwenda 260 na kuendelea, 300 si ajabu. Anza na kubwa mno, ushuke taratibu ukiisoma plagi. Kwadi yenye mafuta mengi inakohoa na kutoa moshi, haifi. Iliyokauka inakwenda vizuri ajabu kwa dakika chache, nyepesi kama upepo, kisha inanoki.

Kuongeza ujazo: kipenyo, mwendo, au vyote

Silinda za kiwandani zina ukuta wa chuma cha kusubu, unaweza kuziboa, yaani kuzipanua kipenyo, na kutia pistoni ya ovasaizi. Ukifika kipenyo cha milimita 66, ujazo unakuwa 369, ongezeko la asilimia 6 tu. Kwa hiyo kuboa si njia ya kutafuta nguvu. Ni njia ya kuiponya silinda iliyochakaa, na kila ukiboa unapunguza uhai wake. Usiharakishe kufika 66. Ukiwa 64.50 una nafasi za kukosea mara kadhaa bado.

Krenki yenye mwendo wa milimita 58, yaani +4, kwa kipenyo cha 64 inakupa 373. Ongezeko dogo kwa namba, lakini inahisiwa hasa kwenye resi za kati, mahali Banshee ilipo dhaifu. Tahadhari: pistoni inapanda milimita 2 zaidi juu na kushuka 2 zaidi chini. Hedi ya zamani itagongwa. Inahitaji kuba zilizokatwa kwa ajili yake au bamba la kuinua silinda, na wakati wa poti kufunguka na kufungwa wote unabadilika. Usiinunue peke yake.

Silinda mpya za kununua za kipenyo cha 68 zinakupa 392 kwa krenki ya kawaida na 421 kwa krenki ya +4. Poti zake ni pana, zimeundwa kwa nguvu tangu mwanzo. Ukuta wake umepakwa nikasili (tabaka gumu lenye nikeli), huwezi kuuboa. Ukichubuka unapelekwa kupakwa upya, na hapa Ghuba hiyo mara nyingi ni safari ya posta na wiki za kungoja. Kwa gharama ya jozi hiyo pamoja na krenki, klachi ya kuistahimili na kabureta kubwa, unanunua Banshee ya pili iliyo nzima. Nasema hivi bila kuzidharau. Niliwahi kuendesha 421 ya rafiki yangu Bidiya, nikaelewa kwa nini watu wanauza gari ili waijenge.

Kuhusu pistoni: iliyofuliwa (forged) ni imara zaidi ikigongwa, lakini inatanuka zaidi ikipata moto, kwa hiyo inafungwa kwa nafasi kubwa zaidi na ni lazima uipashe injini joto kabla ya kuifungulia resi. Wengi huzikwamisha asubuhi ya kwanza kwa haraka. Ya kumimina (cast) inatulia mapema, haina kelele, inadumu kwa mtu mpole. Kwa injini ya 95 isiyo na fujo mimi naitia ya kumimina. Kuanzia 98 na kuendelea, iliyofuliwa.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche: bamba la kuisogeza digrii 4 mbele ni kipuri cha bei ndogo kinachoamsha resi za chini, na kwa hedi ya kiwandani nakipendekeza. Ukishabana hedi, irudishe digrii mbili. Taimingi ya mbele na kompresheni ya juu zinakula kwenye sahani moja ya okteni.

Oili ya kuchanganya

Banshee haina pampu ya oili. Unachanganya mwenyewe kwenye dumu. Kwa dumu la lita 20, uwiano wa 40 kwa 1 ni mililita 500, 32 kwa 1 ni 625, na 24 kwa 1 ni kama 830. Natumia 32. Wanaopunguza oili wakidhani wanapata nguvu wanakosea, na wanaoiongeza bila kugusa jeti nao wanasahau kwamba oili inachukua nafasi ya petroli: ukitoka 40 kwenda 24 umepunguza petroli inayopita kwenye jeti kwa karibu asilimia 1.6. Chagua uwiano mmoja, tafuta jeti zake, usihame.

Suala la oili ya boti linarudi kila mara, hasa kwa sisi wenye ndugu Unguja, Pemba na Lamu ambako kila nyumba ya mvuvi ina kopo la TC-W3. Ni oili nzuri kwa kazi yake. Imetungwa bila majivu kwa mashine inayopozwa na bahari nzima, inayokwenda resi moja kwa saa nyingi. Pistoni ya Banshee inapata joto tofauti na inazunguka haraka zaidi, na radieta yake ina maji kidogo tu yanayozunguka mbele ya upepo wa nyuzi 40. Tafuta kopo lililoandikwa JASO FD, daraja la oili za tustroki. Ile ya boti mpelekee mjomba.

Oili ya mbarika inanukia mashindano na inalinda vizuri kwa joto kali, na inakubaliana na methanoli. Kwenye petroli, hasa usiku wa baridi, inajitenga na kukaa chini ya tangi, na inaacha ulimbo kwenye ringi. Kwa petroli chukua sinthetiki.

Ningemfungia nani nini

Mwenye Blaster, ile ndogo ya silinda moja ya 195 inayopozwa kwa hewa, asibane hedi. Hana maji ya kumwokoa. Ekzosi ya kati, ridi, jeti, na 95, basi.

Banshee ya kwenda na familia na marafiki: hedi ya kiwandani iliyokerezwa hadi skwishi ya milimita 1.2, Fatty au T5 kutegemea mawe au mchanga, taimingi mbele digrii 2, ridi za kaboni, chujio moja, springi ngumu za klachi, pistoni ya kumimina, 95. Hiyo ndiyo ninayoendesha sasa, ya T5.

Anayetaka kuwapita wenzake kwenye tuta na anaishi mjini: aongeze kuchonga poti kwa fundi anayejua, kuba za 20, pistoni iliyofuliwa, kabureta kubwa kidogo, na abebe 98 ya kumtosha kwenda na kurudi. Methanoli na 421 namwachia mwenye trela, fundi wake mwenyewe, na tuta moja la kupanda.

Na ule usiku wa Bawshar ulikuwa na kosa la pili nililolielewa baadaye. Jeti niliziweka saa nane mchana wa siku nyingine, joto la nyuzi 35. Usiku ule zilikuwa 16. Hewa ya baridi ni nzito. Kwa tofauti hiyo inaingia zaidi kwa asilimia 6 hadi 7 kwa kila pumzi, na jeti haijui. Petroli dhaifu ilikuwa imekwisha kuitia injini hatarini, ukavu wa usiku ukaisukuma. Kwa hiyo siku hizi nabeba kikopo cha jeti mfukoni mwa koti. Jua likizama Bidiya na watu wakianza kuwasha moto wa kuni, mimi hufungua kabureta kwa mwanga wa simu, nikatia jeti mbili zilizo hatua moja au mbili juu, ndipo nikapiga stati.